Meno ya Abuya Kutoka Ng'ambo

Meno ambayo abuya wangu aliagiza ng'ambo kwa posta yalimtosha sawasawa nyanya wa bwana harusi.

Nianze mwanzo. Abuya, yaani kaka wa mama yangu, alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Isiolo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa amebaki na jino moja tu, la chini, upande wa kushoto. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa na kijana wa Kulamawe, na dua mbele ya wakwe angeitoa yeye.

"Nisimame nipulizie wakwe mate?" aliniuliza. "Watasema binti ametoka kwa mzee aliyekwisha."

Kwenye gazeti kuukuu lililofungiwa sukari tuliona tangazo: uma nta, itume, na meno yatakuja. Nilikuwa karani wa ofisi ya mifugo, kwa hiyo barua ya Kiingereza niliiandika mimi. Nta ilipofika, abuya aliiuma barazani, akaiacha juani, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi ilikuwa imelegea kama siagi. Akaiuma tena. Ilikuwa Jumamosi, posta imefungwa, basi tukaiweka kwenye duka la shemeji yake, mtaa wa Chechelesi, hadi Jumatatu.

Sokoni habari ilienea. Dalali mwenzake alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa zizi:

"Mzee, wewe hununui hata mbuzi bila kumfungua mdomo! Leo umenunua mdomo wenyewe bila kuuona?"

"Mbuzi hana risiti," abuya akajibu. "Hawa wa ng'ambo wana risiti."

Meno yalifika wiki moja kabla ya harusi, meupe kama vikombe vipya. Abuya aliyatia, akasema Bismillahi, yakaangukia kwenye chai. Niliyafuta, nikayachunguza. Hayakuwa na nafasi ya lile jino moja.

Siku ya harusi yalikaa rafuni ndani ya kisanduku chake, na kila mgeni alitaka kuyatazama. Nyanya wa bwana harusi, ambaye sote tulimwita akko, hakuwa na jino hata moja. Aliomba ayashike. Kisha akayatia mdomoni. Tukasikia tak! Akachukua ubavu wa mbuzi, akautafuna hadi ukabaki mfupa.

"Wallahi, hizi ni yangu," akasema.

Abuya alinitazama. Mkwe haambiwi ateme.

"Ni zawadi, akko," alisema, kisha akasimama kutoa dua. Hakuna aliyeelewa neno. Wakwe waliitikia kwa kukisia, wengine mapema, wengine kwa kuchelewa. Amina moja tu ilisikika vizuri, kali na safi, nayo ilitoka kwa akko.

Baada ya miezi mitatu wauzaji walijibu malalamiko yangu. Turudishe meno, watengeneze mengine bure. Walituma kisanduku cha kurudishia, pamoja na nta yetu. Niliigeuza mara nyingi. Ilikuwa na alama ya ufizi mtupu, bila tundu la jino popote.

Shemeji wa Chechelesi alisema nta haikutoka kwenye rafu ya duka lake hadi Jumatatu. Akko aliapa kwamba kabla ya harusi ile hakuwahi kukanyaga Isiolo. Meno hakuyarudisha, na abuya aliendelea kunywa mchuzi. Kisanduku cha kurudishia ninacho hadi leo, kitupu, na nta iko kando yake. Aliyeiuma sijamjua.