Mtamba Dirishani

Kuna saa huku Kipini, baada ya chakula cha mchana, ambapo mji mzima hulegea. Upepo hupungua, kuku hujifukia kivulini, na maji ya mto yanayoingia baharini hukaa na rangi zake mbili, kahawia huku na kijani kule, yasiamue yawe nini. Mimi saa hiyo nilikuwa silali. Tangu mume wangu afariki, usingizi wa mchana niliuona uvivu, na ule wa usiku ulikuja ukitaka. Nilikuwa napangusa vioo, nakunja mashuka, namkemea yeyote aliyepita na mchanga miguuni. Labda ndiyo sababu zile siku za mtamba huzikumbuka kama ndoto: najua zilikuwapo, lakini moja imeingia ndani ya nyingine na siwezi kuzitenganisha.

Nyumba ina vyumba viwili vya wageni na baraza, nami hukaa chumba cha nyuma. Mwanangu aliye Nairobi ndiye aliyeitia kwenye mtandao, akapiga picha kitanda kikiwa na maua ambayo sikuyaweka tena. Huja watu wa kupumzika siku mbili tatu: wapiga picha za ndege, wahandisi wa barabara, maharusi. Masharti nilimsomea mwanangu neno kwa neno naye akayaandika. Viatu nje, pombe hapana, wanyama hapana. Mbuzi pekee niliyoiruhusu ndani mwangu ilikuwa ile ya kukunia nazi.

Basi siku moja ukaja ujumbe wa mwanamke mmoja, muuguzi, Muorma wa pande za Garsen. Alitaka vyumba vyote viwili, yeye na babake. Mwisho akaongeza kwamba mzee atakuja na mnyama wake, kwa sababu bila mnyama huyo halali. Nikampigia mwanangu nikamwambia amkatalie. Akacheka, kisha akanieleza kwa ule upole anaoutumia akidhani nimezeeka. Wako watu wasioona, alisema, wanaoongozwa na mbwa. Na wako wenye majonzi yaliyogeuka maradhi, hao hutulizwa na mnyama, na daktari huwa anajua. Hao si wanyama wa kuchezea, na si vizuri mgeni wa namna hiyo kufukuzwa mlangoni wala kuhojiwa anaumwa nini. Huyo, alisema mwanangu, ni mnyama wa faraja.

Neno lenyewe zuri, sikuweza kuligombeza. Lakini mbwa, ndani ya nyumba ninayosalia, alinikaa kooni. Nilikwenda kwa jirani yangu, mwalimu wa madrasa, akanituliza kwamba mate ya mbwa ndiyo yenye kazi, na alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikapiga moyo konde. Nikahamishia mswala wangu chumba cha nyuma, nikakunja mikeka, nikaweka kopo la udongo safi kando ya bomba, na huyo mbwa wa watu nikamtengea bakuli lake la plastiki. Nilijiona mtu mwema sana wiki ile.

Pikapu ikasimama nje ya ua alasiri. Akashuka binti mrefu, mwenye sauti ya chini, kisha mzee mwembamba aliyevaa kikoi na kushika bakora. Wakafungua mlango wa nyuma, wakasaidiana na dereva, wakateremsha mtamba. Alikuwa mwekundu, ana nundu changa na masikio mapana, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Akaukanyaga mchanga wa ua wangu nilioufagia asubuhi, akanitazama, akaachia kinyesi mbele ya ngazi.

Nilipandwa na hasira. Nilisema mengi, na kati ya hayo nilisema kwamba niliahidiwa mnyama wa faraja, na huyu ni kitoweo. Binti hakunijibu kwa ukali. Alisema yeye hakuandika mbwa, ni mimi niliyesoma mbwa, na ilikuwa kweli. Nikauliza kama angalau ana maziwa. Akasema hana, hana kazi yoyote ila kuwapo. Wakati huo mzee ameshalitafuta koleo langu na anazoa kile kinyesi, taratibu, bila aibu, kama mtu anayefagia kwake. Hasira yangu ikakosa pa kushika. Nikawapikia chai.

Jioni binti alikuja jikoni, akakaa juu ya mbuzi bila kuombwa, akanikunia nazi huku akinieleza. Babake alikuwa na zizi. Ukame ulipoingia, ng'ombe walidhoofu mpaka wakawa wanainuliwa kwa mikono kila asubuhi ili wasimame, na waliposhindwa kuinuka wakaachwa. Halafu mvua ikaja kupita kiasi, mto ukapanda, ukachukua waliobaki. Mamake binti alikuwa ameshafariki. Akabaki mzee na mtamba huyu aliyezaliwa katikati ya balaa, na tangu hapo mzee hapati lepe la usingizi mpaka asikie ng'ombe akicheua karibu na kichwa chake.

Binti mwenyewe alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishiwa Mombasa. Amepata flati ghorofa ya tatu. Babake hana mwingine wa kumwangalia, na ng'ombe hapandi ghorofa ya tatu. Ndipo wakakubaliana, yeye na mzee, waje mahali pageni penye upepo wajaribu. Mtamba atafungwa kwanza dirishani, kisha mwisho wa ua, kisha atapelekwa kwa jamaa mmoja mfugaji nje ya mji, ambaye yuko tayari kumchukua moja kwa moja. Mzee akiweza kulala bila yeye, wataondoka wawili kwenda Mombasa.

"Na asipoweza?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama," akasema, na akaendelea kukuna mpaka mbuzi ikawa inakwaruza kifuu kitupu.

Mtamba akafungwa dirishani kwa mzee, na dirisha hilo liko hatua chache kutoka langu. Hapo ndipo siku zilipoanza kuyeyuka. Sauti ya ng'ombe anayecheua nilikuwa sijawahi kuisikiliza. Hutafuna kwa upande, bila haraka, majani laini yakisagika, kisha hunyamaza. Humeza. Kimya hicho ni kifupi, lakini ndani yake unaweza kusikia nyumba nzima, bati likipoa, maji yakidondoka. Kisha tonge jingine humpanda shingoni, ukitazama utaliona likipanda, naye huanza tena. Mchana wa kwanza nilikaa kitini na shuka lililokunjwa nusu mapajani, nikasema namsikiliza kidogo tu. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili.

Siku zilizofuata sikusingizia tena shuka. Nililala mchana kama mtu aliyeruhusiwa. Niliota marehemu mume wangu akipaka nyumba chokaa, lakini chokaa yenyewe ilikuwa maziwa, na ukuta ulikuwa unayanywa. Niliota mto umeingia ndani kwa adabu, umevua viatu mlangoni. Nilikuwa naamka nikisikia mzee anakoroma upande wa pili, mkoromo mzito wa kukwaruza, na binti amelala barazani mdomo wazi, na ng'ombe anatusimamia sote. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha ambayo sikuwa nimeitafuta na sikujua ninyamaze nayo wapi.

Jioni mzee alipenda kukaa ngazini akiitazama bahari kama mtu anayetazama mifugo ya mwenziwe. Nilimtania kwamba kama ni sauti tu anayoitaka, basi bahari nayo inacheua, tena usiku na mchana, na haili majani yangu. Alilifikiri jambo hilo kwa makini.

"Bahari natafuna, natafuna, hapana meza," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nangoja imeze."

Tangu hapo na mimi nikawa naingoja imeze. Niliishi na bahari maisha yangu yote, na mzee wa Garsen akaniharibia kwa neno moja.

Mtamba akahamishiwa mwisho wa ua, karibu na mpapai. Upepo ukija vizuri mzee alimsikia, usipokuja alikaa kitandani akingoja ugeuke. Mashavu yake yakaanza kubonyea. Binti akawa anamwekea chai yenye tangawizi, anamkanda miguu, anamsimulia Mombasa, feri, hospitali zilizo karibu, namna atakavyoweza kuona meli kutoka dirishani. Mzee aliitikia yote. Kisha yule jamaa mfugaji akaja na kamba, akamchukua mtamba. Mzee alimsindikiza mpaka langoni, akamwambia maneno machache kwa Kiorma, akarudi ndani kunawa mikono. Nilifagia mahali alipokuwa amefungwa, na nilifagia vibaya.

Alfajiri nilipotoka kutawadha nilimkuta mzee ngazini. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa motoni. Nikamuuliza kama amelala. Alitazama kwanza mlango wa binti, ukiwa umefungwa, kisha akazungumza chini chini.

"Mama, hapana ambia mtoto. Mimi nafunga macho, napumua pole pole. Mtoto nasikiliza pale kwa ukuta. Akijua mimi nalala, yeye pia nalala." Akautazama tena ule mlango. "Yeye nachoka sana."

Nilimuuliza atafanya hivyo Mombasa mpaka lini. Akasema mpaka azoee, na kama hatazoea, basi huko pia macho yanafungwa. Alisema hivyo bila kujihurumia, na mimi nikaapa kimoyomoyo sitasema. Kisha nikaingia jikoni nikachoma mahamri huku machozi yananitoka, na si kwa moshi.

Binti alikuja mezani akiwa amevaa vizuri, amejifunga mtandio mpya. Alikuwa anatabasamu. Aliniambia kwa sauti ya kujikaza kwamba imewezekana, babake amelala bila mtamba, yeye mwenyewe amemsikia akivuta pumzi taratibu mpaka adhana. Mzee alikuwa pale pale, anakoroga chai ambayo sukari yake imeshayeyuka zamani.

Nilikuwa nimeapa kutomwaga siri ya mzee, na sikuimwaga. Lakini mimi ni mtu wa ulimi, na swali si siri.

"Hata adhana haikumwamsha?" nikamwambia. "Na wewe, mwanangu, mato yako yalifumba saa ngapi?"

Tabasamu likabaki usoni kwake muda, halina kazi. Kisha likaondoka. Aliuweka mkono wake mezani karibu na wa babake, bila kuugusa.

"Aba akilala hukoroma," akasema. "Nilingoja akorome. Hakukoroma."

Ndipo nikaelewa kilichopita ndani ya nyumba yangu usiku ule. Ukuta mmoja, na kila upande mtu amelala chali gizani, anapumua kwa hila ili mwenziwe apate usingizi. Hakulala hata mmoja. Nilikasirika, sijui na nani, na ukame labda, na mto, na ghorofa. Nikawaambia wote wawili kwamba nimewahi kuwa na wageni walevi na wageni wezi wa taulo, lakini waongo wa kiwango hiki sijapata kuona.

Mzee akacheka, ghafla, kicheko kifupi. Binti hakucheka. Alimgeukia babake wakazungumza kwa Kiorma, mimi nikashika majina mawili tu, Mombasa na Garsen, yakipita huku na huku. Mzee alikuwa anatikisa kichwa, anakataa. Binti akasema neno la mwisho, akasimama, akavaa viatu na kutoka.

Alirudi jua likiwa limepanda, viatu mkononi, upindo wa gauni umelowa, na kamba ya mtamba begani. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa miguu. Mzee aliinuka barazani, akashuka ngazi. Aliuegemeza uso wake kwenye shingo ya yule mnyama, akasimama hivyo mpaka mimi nikaona haya kutazama, nikajitia kupanga vikombe. Kisha wakamfunga mahali pake pa kwanza, dirishani, na mzee akaingia kulala.

Binti alinieleza jikoni. Atakwenda Mombasa peke yake, arudishe funguo za flati, aombe wamrudishe Garsen, hata kama cheo kitabaki huko. Akipata nyumba yenye ua, atakuja kuwachukua mzee na mtamba. Mpaka hapo aliniomba nikae na mzee. Wageni wengine walikuwa waje siku ile ile, watu wa harusi. Niliwapigia nikawaambia nyumba imejaa, na hilo halikuwa uongo.

Saa ya gari ilipofika alibeba mkoba wake akasimama mlangoni mwa chumba cha babake. Hakutaka kumwamsha. Mtamba alikuwa anacheua nje ya dirisha, anatafuna, ananyamaza, anatafuna. Kwanza hatukusikia kingine. Kisha, katikati ya kimya kimoja, mzee akakoroma, mkoromo ule mzito wa kukwaruza, na mwingine juu yake.

Binti akaziba mdomo kwa mkono, lakini kilio kilikuwa kimeshatoka. Nilimshika bega nikamwambia anyamaze, atamwamsha. Hakuweza. Alilia kwa sauti, pale mlangoni, kama mtoto, na babake hakuamka.