Zaituni na neno "hayupo"

Akili yangu imekataa kabisa. Zaituni tumemzika jana Ujiji, na bado nimempigia simu asubuhi hii.

Kwa msiomjua: tulikuwa ofisi moja hapa Kigoma, kwenye system ya majina ya wakimbizi wanaovuka kutoka Burundi na Kongo. Mimi natengeneza query, yaani amri za kutafuta majina kwenye kompyuta. Yeye aliandika maelekezo ya kuzitumia.

Maelekezo ya zamani yalisema: "Query isipoleta jibu, mjulishe mhusika kuwa mtu hayupo."

Siku moja karani akamsomea mama mmoja Mrundi hivyo hivyo. "Binti yako hayupo." Yule mama akakaa sakafuni, akaanza kulia msiba.

Zaituni akachuchumaa kando yake, akamwuliza kwa Kiha, kinachoelewana na Kirundi, jina la binti linatamkwaje. Akaweka L palipokuwa na R, akatafuta upya. Binti alikuwa hai, kambi nyingine tu!

Zaituni akanigeukia. "Code yako haina kosa. Sentensi yetu ndiyo imemuua mtoto wa watu."

Akaandika upya: "Jina halijaonekana kwa herufi hizi. Jaribu L badala ya R. Jaribu jina la mama. Usiseme mtu hayupo."

Bosi akacheka. "Dada, tuna deadline. Hayo ni maneno tu."

Zaituni alimsumbua mpaka bosi akachoka. Akamwambia sawa, nenda kituo cha kupokea wakimbizi ukawafundishe makarani mwenyewe. Zaituni akaomba usafiri.

Bosi akasema, "Gari ni la kazi muhimu."

Gari lilikuwa limeegeshwa nje. Nililiona. Mvua inanyesha, akapanda bodaboda. Walipofika Kidahwe, lori likawagonga. Dereva wa boda amevunjika mguu. Zaituni hakufika hospitali.

Jana bosi akasimama msibani, akamsifu kwa kujitolea. Mama yake Zaituni akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, sasa mbona mlimwacha aende na pikipiki?"

Bosi akatazama viatu vyake.

Leo gari hilohilo limetumwa Katonga kuchukua samaki, migebuka, kwa ajili ya wageni wa bosi. Jamani!

Zaituni, maneno yako nimeyaingiza kwenye system mchana huu, makarani wote wanayaona. Sijaomba ruhusa ya mtu. Wakitaka wanifukuze.

Lala salama, dada yangu. Sisi huku hatujatulia.