Karatasi za Baba na Ua Lisiloshuka Mlimani

Niliondoka Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura, Jumanne, baada ya swala ya alfajiri, kwa sababu jicho la kulia la baba lilikuwa limekwisha kufunga na la kushoto lilikuwa njiani. Daktari alitwambia wazi kwamba hakuna la kufanya, labda amebakiwa na miezi miwili ya kuona. Baba hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu, aletewe karatasi zake azitazame kabla ya giza.

Karatasi zenyewe ni hizi. Ujanani baba alifanya kazi na mzungu mmoja mtafiti wa mimea, wakipanda pamoja hadi msituni, juu kule Teza. Mzungu alikusanya, baba alichora. Kila mmea aliuchora mara mbili. Mchoro mmoja ulikwenda Ulaya na mzungu na haukurudisha hata salamu, wa pili baba aliuweka. Yake ilifika kumi na tisa, kumi na minane ya mimea na mmoja wa milima yenyewe, mgongo nyuma ya mgongo mpaka ule wa mwisho ambao ni kama moshi wa jikoni. Mimi nilirithi mkono bila subira. Naandika mabango ya maduka na kuchora kuku kwenye kuta za mabaa, na tangu nianze baba hunicheka kwamba kuku wangu wana miguu ya bata.

Nyumbani karatasi hazikuwapo. Miaka ile paa letu lilivuja, nami kwa akili yangu nyingi nikazihamishia kwa shangazi Zuhura, Gatumba. Mnajua mafuriko yaliyoipata Gatumba. Maji yalipoingia nilimpigia simu, akasema sanduku limelowa ila karatasi zipo. Nilishukuru Mungu, nikarudi kwa kuku wangu. Sikwenda kuziona. Kila mwaka nilisema nitakwenda, na safari yenyewe ni nusu saa basi likipatikana.

Siku hiyo basi halikupatikana, mafuta yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, hivyo nilifika Gatumba saa tatu nimepakiwa nyuma ya baiskeli. Shangazi alinipa chai na chapati, akauliza habari za jicho la kaka yake. Kisha akavuta mzigo chini ya kitanda na kufungua kitenge.

Zilikuwa zimefungwa plastiki, zote. Kwetu karatasi yoyote ya maana hupelekwa mjini ikapitishwe kwenye ile mashine ya moto na kutiwa plastiki, iwe kitambulisho, diploma au hati ya kiwanja. Lakini hizi zilipelekwa na unyevu wake. Moto uliuivisha unyevu mle ndani, ukungu ukaota, na palipokuwa na majani na maua pakawa na madoa meusi na kijivu. Milima ilikuwa imeliwa yote. Zilizobaki ni alama za penseli, nazo huzioni mpaka uiinamishe karatasi kwenye mwanga.

Nilipandisha hasira. Nilimwuliza shangazi ni nani aliyempa wazo la kijinga namna hii. Hakukasirika. Aliniangalia kwa huruma, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mi nilikuwa nimeshazianika ku jua," alisema. "Zilianza kukauka. Ni weye ulinipigia simu, ukasema maji itarudi, peleka waplastifie. Nikapeleka."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata mahali niliposimama nikiongea, brashi mkononi, na jinsi nilivyojiona mwerevu.

Saa tano nilipaswa kurudi Bwiza, sikuweza. Nilimwachia shangazi karatasi zote ila ya saba. Ilikuwa ya ua dogo la kijitoni, ambalo baba hulitaja kuliko mengine yote. Niliikunja kwenye koti, nikatafuta lori linalopanda kuchukua kabichi. Nilijiambia kwamba kama picha imekufa, nitamletea ua lenyewe.

Jioni nilifika Bugarama, kule juu karibu na Teza, meno yakigongana kwa baridi. Nililala kwa mchuma chai mmoja, mama mjane anayeitwa Espérance, ambaye dereva alimfahamu. Nilimweleza ninachotafuta. Alisema sehemu kubwa aliyoitaja baba sasa ni chai, ila kijito bado kipo, na vimaua hivyo vipo pia, hakuna anayevijali.

Jumatano asubuhi alinipeleka. Tulishuka bondeni kwenye kivuli cha mikangaga mirefu, na hapo kando ya maji lilikuwapo, limeinama, na rangi ambayo sitajaribu kuitaja. Nililia mbele ya mama wa watu bila aibu. Espérance alinionya kwamba ua hilo hufia mkononi. Sikumsikiliza. Nililing'oa na mizizi, nikalifunga kwa majani mabichi ndani ya kopo la maziwa, na njia nzima ya kushuka nililikumbatia. Mlima ulivyozidi kuisha, joto lilizidi kupanda. Nilipofungua kopo sokoni Bujumbura, ndani mlikuwa na uteute wa rangi ya chai.

Alasiri nilifika nyumbani. Baba aliisogeza karatasi mpaka ikagusa pua yake, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vyake vilipapasa plastiki.

"Nini hii?"

"Maji ya Gatumba, baba."

"Apana. Maji inaachaka alama pembeni. Hii imepikwa."

Nikamwambia ni mimi. Nilimweleza simu, mashine, kila kitu. Nilitaka anitukane. Akaniuliza tu kama maandishi ya penseli yanasomeka, yale aliyoandika pembeni mwa karatasi kule kijitoni, maana ua lilikuwa halisubiri achanganye rangi. Aliandika kwanza rangi ilivyo, akapaka baadaye kwa kukumbuka.

Niliinamisha karatasi. Nilisoma: "Kama ndani ya mdomo wa mtoto. Fanya haraka, saa nne litakuwa limekufa."

"Soma tena," alisema. Nilisoma tena. Aliuelekeza uso wake ukutani na hakuniomba mara ya tatu.

Nilichojifunza ni kidogo na nimechelewa: karatasi iliyolowa iache juani, na ukipewa kitu cha mtu nenda ukakitazame. Jicho la kushoto lilifunga kabla ya mwezi wa Ramadhani. Bado nachora kuku ukutani Bwiza, na sasa hakuna anayejua wana miguu ya nini.