Neema na Sikio la Nairobi

Ijumaa ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku tuliyompa mtu udaktari kwa sahani ya pilau. Tulikuwa Doha, chumbani kwa Shufaa, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, viatu vimejaa mlangoni mpaka jirani akashindwa kupita. Shufaa ni Mzanzibari, mpishi wa hoteli, na siku yake ya kupumzika huitumia kupika tena, ila sasa kwa ajili yetu. Siku hiyo alikuwa amemkaribisha binti mgeni kutoka Voi, jina lake Neema, aliyekuja Doha kumalizia masomo ya udaktari wa saikolojia. Udaktari wa kusikiliza watu, usio na sindano.

"Haya, na sisi tumepata wetu!" Shufaa akatangaza, mwiko mkononi. "Wasiolala usiku wapange foleni."

"Bado sijawa daktari, dada," Neema akasema. "Mimi ni mwanagenzi. Darasani nimemaliza, nimebakisha mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya msimamizi."

"Mwaka mmoja ndiyo nini? Watu wanangoja viza muda mrefu kuliko huo. Kula nyama, Daktari."

Tukacheka, na jina likamganda. Yeye hakucheka sana.

Nakusimulia haya kwa sababu ya swali lako. Umeniambia umepata nafasi mbili za uanagenzi. Kliniki ya kwanza inakupa ofisi yako na wagonjwa wako tangu siku ya kuanza, bila mtu kukuingilia. Ya pili inasema kazi yako itarekodiwa, na msimamizi ataisikiliza nawe kila wiki. Unaona hiyo ya pili inakudharau. Na kwa kuwa huna babu wa karibu, umeniuliza mimi, niliyeacha shule darasa la sita nikafuata lori la chumvi, nikauza miwani Lubumbashi, nikaoka mikate Muscat, na kila mji nikauacha kabla haujanizoea. Saikolojia siijui. Lakini miaka ile, ndevu zangu zikiwa bado nyeusi, nilikuwa dereva wa kliniki ya Al Sadd ambako Neema alikuwa akijifunza, na mimi nikikaa na mtu garini huwa simwachi mpaka nijue kazi yake inafanywaje.

Kila asubuhi nilimwuliza, naye alinijibu kwa uvumilivu. Akanieleza kwamba mahali pa kufunzia wanagenzi pana kanuni zake, tena nzito. Msimamizi lazima awe na leseni, na kila mgonjwa anayemwona mwanagenzi ni dhamana ya msimamizi huyo. Wakae pamoja kwa saa zilizotengwa, ambazo hazifutwi ati kwa sababu kliniki imejaa. Msimamizi asitosheke na masimulizi, aisikie au aione kazi yenyewe. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba anayemhudumia bado anajifunza. Na mwanagenzi naye ajue tangu mwanzo atapimwa kwa mambo gani, awe na wenzake wa kujifunza nao, na akionewa awe na pa kupeleka malalamiko.

"Kumbe mnalindwa hivyo!" nikamwambia. "Mimi kwenye lori nilifundishwa kwa kofi."

"Anayelindwa zaidi ni mgonjwa, Kaka Bakari," akasema.

Wakati huo sikuona tofauti. Niliiona alipokuja Wafula.

Wafula alikuwa Mkenya wa Bungoma, mlinzi wa geti kwenye makazi ya familia huko Muaither. Kijana mwenye kelele za furaha. Ukimpita getini lazima akutanie gari lako. Mama yake alifariki, na kwa sababu za kazi hakuweza kwenda kuzika. Tukampa pole, tukaketi naye, tukasoma dua na wenzake wakaimba nyimbo zao, tukadhani tumemaliza. Lakini baada ya hapo Wafula akawa halali. Akaacha kula na wenzake. Kazini akaanza kuchelewa, kisha kutofika kabisa, na mkuu wake akamwonya kwamba ikiendelea atarudishwa kwao. Wadogo zake walikuwa shuleni kwa kazi hiyo, na sasa mama wa kuwatazama hayupo. Tulimwona anateleza mbele ya macho yetu.

"Sisi tuna daktari wetu," Shufaa akasema. "Ijumaa nampika kuku, namkalisha Wafula hapa, Neema pale, sisi tunatoka nje. Wakimaliza tunarudi tunakula."

Neema alipoambiwa akakataa. "Siwezi kumwona nyumbani, dada, wala bila msimamizi wangu kujua. Nitamweleza kesho asubuhi."

"Alaa! Mtu anakufa kwa huzuni nawe unakwenda kuomba ruhusa?" Shufaa akamkazia macho. "Lugha yake ni yako. Huyo bibi wa Kisudani atajua nini?"

"Nikikosea, ni nani atakayejua kwamba nimekosea?" Neema akauliza. "Wewe utajua? Wafula atajua?"

Shufaa akanigeukia mimi. "Bakari, huyu mtoto wameshamharibu."

Msimamizi aliitwa Daktari Samira, mwanamke mtu mzima kutoka Khartoum, mfupi, mwenye sauti ya chini, na mkoba mkubwa kuliko yeye. Neema alipomweleza, hakungoja. Alitaka kwanza kujua kama Wafula alikuwa katika hatari ya kujidhuru, nikatumwa Muaither nimlete siku hiyohiyo. Njiani Wafula alinilalamikia.

"Buda, mnanipeleka kwa daktari ya wazimu?"

"Mimi napeleka gari tu. Wewe umo ndani kwa bahati mbaya."

Daktari Samira alizungumza naye mwenyewe kwa Kiingereza. Akaridhika kwamba hakukuwa na hatari hiyo, lakini zaidi ya hapo hakupata kitu. Wafula alimjibu kama anavyowajibu wageni getini: niko sawa, asante, karibu tena. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, na huzuni yake haikuwamo.

Basi ilibidi azungumze Kiswahili, na mwenye Kiswahili pale kliniki alikuwa Neema peke yake. Hapo ndipo tulipokwama. Kanuni inataka msimamizi aisikie kazi ya mwanagenzi. Samira angeisikia, lakini asingeelewa hata neno. Kwa hesabu hiyo, Neema asingeweza kumhudumia Wafula, na Wafula angerudi kitandani kwake kugeukia ukuta.

Mimi nikaona dawa iko wazi. Nikamfuata Daktari Samira kwenye maegesho, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha udereva, "Daktari, mimi hapa. Nitakaa nyuma ya mlango, nitasikiliza, nitakuambia Neema amefanya vizuri au vibaya. Kiswahili nimezaliwa nacho."

Akaweka mkoba wake juu ya boneti. "Bakari, wewe na Wafula mnakula sahani moja?"

"Kila Ijumaa."

"Akilia mle ndani, Ijumaa utamtazamaje?"

"Kama ndugu."

"Naye atakutazamaje?"

Akaendelea, bila ukali, "Na Neema akikosea, utaona kosa, au utaona binti mwema anayezungumza vizuri? Wewe unajua lugha. Mimi natafuta mtu anayejua kazi ndani ya lugha hiyo. Usiniudhikie. Kazi unayo: wewe na marafiki zako kuleni naye, mtoeni nje atembee. Hiyo siwezi kuifanya mimi wala Neema." Kisha akachukua mkoba na kuongeza, "Na boneti yako chafu."

Niliudhika, mwanangu, nisikudanganye. Nilikwenda kuosha gari kwa hasira. Lakini nilipokuwa naosha nikaanza kucheka, kwa sababu kweli nilikuwa nimeshajitungia hata maneno ya kumsifu Neema kabla hajaingia chumbani.

Samira akaanza kutafuta. Alipiga simu kwa watu aliosoma nao, nao wakapiga kwa wengine, mpaka akapatikana mwanasaikolojia wa Nairobi, mama mwenye leseni na miaka mingi ya kufunza. Wakakubaliana: Neema atamhudumia Wafula, mazungumzo yatarekodiwa kwa idhini yake mwenyewe, mama wa Nairobi atasikiliza, kisha yeye, Samira na Neema watakutana kwa video. Dhamana ikabaki kwa Samira. Wakati wote huo Shufaa alikuwa akinung'unika kwamba Wafula atapona au atazeeka kabla hawajamaliza mikutano. Hata hivyo alimpelekea chakula kila alipopata nafasi, na mimi nikawa namtembeza, yeye kimya, mimi nikimweleza habari za Lubumbashi asizoziuliza.

Yaliyosemwa mle chumbani Neema hakunieleza kamwe. Nilimjaribu. Nikimwuliza garini, "Vipi, ndugu yetu anaendeleaje?" ananijibu, "Leo joto kweli, Kaka Bakari." Nikimwuliza kwa kuzunguka, joto linazidi. Ninayokusimulia sasa nimeyapata kwa Wafula mwenyewe, mbele ya watu, na kwa hiari yake.

Siku ya kwanza Neema alimwambia waziwazi, "Mimi bado najifunza. Mazungumzo yetu yatasikilizwa na walimu wangu wawili, mmoja hapa na mmoja Nairobi. Ukikataa, sitarekodi, na tutakutafutia njia nyingine." Sisi tulikuwa tumeogopa kwamba akisikia hivyo atakimbia. Kumbe alitabasamu.

"Hata mimi nikianza kulinda walinisimamisha nyuma ya mzee mmoja Mnepali," akamwambia. "Alikuwa ananiangalia mpaka venye nafungua geti. Rekodi tu, dada."

Wakazungumza. Neema alitoka akiwa na furaha. Hiyo niliiona mwenyewe. Aliingia garini akiimba. Baada ya kikao cha Nairobi akaingia bila wimbo, akafunga mkanda, akatazama dirishani mpaka tukapita taa mbili.

"Joto?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo. "Habari za mgonjwa sikwambii. Za kwangu nitakuambia. Mama wa Nairobi ameniuliza nimesema pole mara ngapi."

"Pole ina ubaya gani? Ndiyo adabu."

"Ndiyo hiyo. Kila mtu akitaka kulia, nasema pole. Pole sana. Jikaze. Ni Mungu. Mama ameisimamisha rekodi kila mahali, akasema: sikiliza, hapa alikuwa anafungua mdomo, ukaufunga kwa pole. Hapa tena. Ukaufunga." Akajifuta jicho. "Samira asingelisikia hilo. Kwake ni neno zuri tu. Nami nilidhani ndiyo kazi yangu bora."

Mwanangu, niliipita kona ya kwake, ikabidi nigeuze gari. Maana nilijua kwamba kama mimi ndiye ningekuwa nyuma ya mlango ule, kila pole ningeihesabia sifa. Ndivyo tulivyolelewa. Tuliopika kuku, tuliosoma dua, tulioimba nyimbo, sote tulimwambia Wafula pole mpaka hakubakiwa na nafasi ya kusema chochote.

Kikao kilichofuata na Wafula, Neema alinyamaza. Wafula alisema kimya kile kilimtisha mwanzoni, kisha akajisikia akizungumza. Alituambia hayo mwenyewe Ijumaa moja, kwa Shufaa, ameshika mfupa wa mbuzi mkononi:

"Mazishi ya mama niliona kwa simu. Nilikuwa kwa shifti. Wanamshusha kaburini, gari inapiga honi, nafungua geti, nasema karibu madam, narudi kwa simu, nakuta wameshafunika. Sikuwa nimeambia mtu. Kila mtu alikuwa ananiambia nijikaze, na mimi nilikuwa nimejikaza siku hiyo yote."

Hakuna aliyesema pole. Shufaa alifungua mdomo, nikamwona, kisha akaufunga, akamwongezea nyama.

Wafula hakupona kwa siku moja. Alikwenda kliniki wiki nyingi, na Samira akazungumza na mwajiri wake, kwa ruhusa yake, apewe shifti za mchana kwa muda. Usingizi ukarudi polepole, utani ukarudi wote kwa pamoja. Siku niliyopita Muaither akalitazama gari langu akauliza kama nalipeleka hospitali au makaburini, nilishuka nikamkumbatia hapohapo getini, magari yakipiga honi nyuma yetu. Wadogo zake waliendelea na shule.

Neema naye alimaliza mwaka wake. Shufaa alipika tena, akasimama na mwiko uleule, akataka kutangaza kitu, akashindwa kwa machozi, ikabidi tule kwanza.

Sasa nirudi kwako na nafasi zako mbili. Hiyo kliniki inayokupa ofisi tangu siku ya kwanza na kukuacha peke yako, usidhani inakuheshimu. Huenda inahitaji mikono tu, na imekuona una mikono. Waulize msimamizi wako atakuwa nani, ana leseni gani, atakaa nawe lini, na siku kliniki ikijaa ataifuta saa yenu au hataifuta. Waulize kama ataisikia kazi yako au ataridhika na unavyomsimulia, maana sote tunajisimulia vizuri. Waulize kama mgonjwa ataambiwa kwamba unajifunza. Wakikuambia si lazima ajue, toka, tena usimalize chai yao. Na kama utahudumia watu kwa lugha ambayo msimamizi wako haijui, usiseme basi potelea mbali. Mwambie atafute sikio la pili, hata liwe nchi nyingine. Msimamizi mzuri atahangaika kulitafuta.

Na siku atakapokusimamishia rekodi na kukuonyesha pale ulipomfunga mtu mdomo kwa upole wako, utaumia. Umia, kisha rudi chumbani ukafanye vizuri zaidi. Yupo mtu ndani anayekungoja, naye hana njia ya kujua kama unakosea.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe walimu wenye masikio makali na ndimi laini. Awape wagonjwa wako usingizi mwema. Akuongoze mwaka mzima usipungukiwe subira wala kicheko, na watu watakapoanza kukuita daktari, iwe jina hilo limeshakuenea.