Baba Alipojibu kwa Kihehe

Gari lilisikika kabla ya kuonekana. Lilikuwa likipanda kilima kwa gia ya kwanza, likinguruma ndani ya ukungu, na sisi tuliosimama kwenye kiwanja cha kijiji kipya tulitazama barabarani kama watu wanaosubiri maiti kutoka hospitali.

Ndani alikuwamo baba yangu, mbunge wetu. Alikuwamo pia mpinzani wake, mwalimu kijana, kwa kuwa sheria ya uchaguzi ilitaka hivyo: wagombea wawili wa chama kimoja, gari moja, jukwaa moja, muda sawa. Katikati yao aliketi msimamizi, mtu wa pwani, mwenye daftari. Kampeni ilikuwa kwa Kiswahili tu. Anayehutubia kwa lugha ya kabila lake aliandikwa humo kuwa amevunja sheria.

Baba alikuwa mbunge tangu nikiwa darasa la pili. Watu walimwita mtu wa mambo ya kale, naye alilipenda jina hilo. Madaraka yalipoletwa mikoani, akawa anakwenda vikaoni Iringa, na huko alisema mara mbili kwamba mtu haondolewi kwenye makaburi ya wazazi wake. Baada ya kikao cha tatu nilikuwa likizo, nimerudi kutoka shuleni Mbeya. Aliingia, akavua koti, akakaa nalo magotini mpaka chakula kikapoa. Wiki chache baadaye malori yalishuka bondeni kwetu, yakawahamishia watu kijiji kipya, na nyumba zikatiwa moto ili watu wasirudi.

Mwalimu ndiye aliyeanza kusema.

"Mzee wangu huyu namheshimu sana. Lakini mkimrudisha Bungeni ataomba lami ing'olewe, ng'ombe wasiumie kwato!"

Watu walicheka kidogo. Baba naye akacheka.

"Mwalimu, ng'ombe wewe umemwona kitabuni tu."

Hapo wakacheka zaidi, na kwa muda nikaamini atashinda.

Ndipo mama mdogo wa baba aliposimama, yule aliyemlea baada ya bibi yangu kufa. Kiswahili hakukijua. Aliuliza kwa Kihehe, taratibu:

"Mwanangu, huko Iringa walipouliza nani anakubali tuhamishwe, wewe uliinua mkono?"

"Bibi anasemaje?" msimamizi akauliza. Mwalimu, aliyeelewa kila neno, akatazama viatu vyake.

Baba angeweza kuomba mkalimani, kisha kujibu kwa Kiswahili kile kirefu cha mikutano, kisichomfikia mtu. Lakini kwetu mama akikuuliza humjibu kwa mdomo wa mwingine. Alivua kofia, akachuchumaa pale pale jukwaani, akasema kwa Kihehe:

"Niliinua, mama. Niliogopa kufukuzwa. Nilidhani nikibaki ndani nitawasaidia baadaye."

"Ndugu mgombea! Kiswahili!" Msimamizi alikuwa tayari anaandika. Yeye alisikia lugha tu. Kiwanja kizima kilisikia maneno.

Baba alishindwa vibaya, na kijiji kile ndicho kilichomnyima kura kuliko vyote. Nyumbani hakumlaumu mwalimu wala daftari. Siku ya tatu akaniambia, "Vaa viatu, tukamwone bibi yako."

Tulimkuta kwenye kibanda cha miti ambacho bado hakijakandikwa udongo. Alikuwa anakohoa. Baba alipiga magoti karibu na moto.

"Mama, twende ukae nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwangu mlipachoma."

"Najua, mama."

"Mama yako amelala kule bondeni peke yake. Nani anampalilia kaburi?"

Baba alinyoosha mkono amguse goti. Bibi akalisogeza goti lake, bila hasira, kama mtu anayempisha mpita njia.

"Nenda," akasema. "Baridi inaingia."

Baba alitoka ameinama, nami nyuma yake. Hatukuwa tumefika mwisho wa ua bibi aliposukuma mlango wa mbao wa kile kibanda kwa bega, ukafungika.