Mlio Mmoja, Kulia

Honi za meli nilijifunzia Kasulu, ambako maji mapana kuliko yote ni ya mtaro wa sokoni mvua ikikolea. Nilikuwa nabeba ndizi kwa baiskeli kutoka Muyama, na mfukoni mwa shati nina daftari la kozi ya mabaharia: mlio mmoja mfupi, nageukia kulia, miwili, kushoto, mitatu, injini yangu inasukuma nyuma, mitano, sikuelewi unataka nini.

Shida ni kwamba honi hizo ni mazungumzo. Unapiga, mwenzako anajibu. Mimi mwenzangu sikuwa naye. Mama alishatangulia mbele ya haki, chumba nimepanga peke yangu, na wabeba ndizi wenzangu, nilipowapulizia filimbi kwenye ukungu wa asubuhi, waliniuliza mechi inaanza saa ngapi. Nilicheka nao. Wakishapita najijibu mwenyewe, kwa mlio mwembamba, ili iwe kama meli nyingine.

Nikauza baiskeli, nikashuka Kigoma kwenye mtihani. Nahodha mstaafu aliyetupima aliniuliza: meli mbili zinakutana uso kwa uso, unafanyaje? Nikajibu kifua mbele: napiga miwili, nakwenda kushoto.

Alinitazama kwa huruma. "Hiyo ni barabara ya Kasulu, kijana. Majini kila mmoja anakwenda kulia. Umeshazamisha watu."

Nikaambiwa nimefeli, nirudi mwakani. Mwakani, na baiskeli sina.

Nilikwenda ufukweni, nikawa natembea mchangani: napiga mlio mmoja kwa mdomo, nakwepa kulia, nageuka, narudia. Lakini kukwepa hewa hakufundishi kitu. Mwili ulivutwa kushoto tu, kana kwamba kuna lori la mihogo linanijia.

Kisha nikaona mtu anakuja usoni kwangu moja kwa moja, mikono mfukoni. Ni yule nahodha, anarudi kwake. Hakupunguza mwendo. Akajaza mashavu: puu, mara moja.

Mguu wangu ukavutwa kushoto.

"Umepigiwa," alisema. "Jibu."

Nikajibu. Nikaenda kulia, naye kulia kwake, tukapishana bega la kushoto kwa bega la kushoto. Alishanipita niliposikia akisema, bila kugeuka, kwamba kesho saa mbili asubuhi ataniuliza tena.

Nilitaka arudi tupishane mara moja nyingine. Nikaona aibu kumwomba.