Mkwe Hanyooshi Mguu

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Kibondo, nilishindwa na mguu wa mwanamke mwenye umri wa mama yangu. Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzoni. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, darasa zima tukisomea karabai moja, na nilijiona msomi wa kutosha kuliendesha taifa. Afisa wa Mazoezi ya Viungo, mama wa Tanga ambaye wote tulimwita Bibi Afisa, hakutaka hata kuona cheti. Alikaa kwenye ukingo wa meza, miguu ikining'inia, akanyoosha goti la kulia.

"Shika juu kidogo ya kifundo. Usukume chini."

"Nisije nikakuumiza, Bibi."

"Sukuma, mwanangu, maneno baadaye."

Nikasukuma kwa mkono mmoja, kisha miwili, kisha nikajitundika pale mzima mzima kama nguo iliyoanikwa. Mguu haukushuka hata upana wa unyasi. Yeye alikuwa anapiga miayo.

"Hiyo ndiyo tano," akasema. "Sasa chukua daftari ujifunze zilizobaki."

Ninyi vijana mnaosoma haya mna mashine zinazotoa karatasi. Sisi mashine yetu ilikuwa kiganja. Nguvu ya msuli tuliiandika kwa alama, sifuri mpaka tano. Sifuri, msuli umelala kabisa. Moja, unausikia ukijikunja chini ya kidole lakini mguu hautoki mahali pake. Mbili, mgonjwa akilazwa ubavu, kitanda kikabeba uzito, mguu unasogea. Tatu, akiwa amekaa ananyoosha goti mpaka mwisho bila msaada, ila ukimgusa tu unaanguka. Nne, anakuhimili kiasi. Tano ni Bibi Afisa.

Misuli ya mbele ya paja, ile inayonyoosha goti, tuliipima mtu akiwa amekaa. Ya nyuma, inayokunja, tulimlaza kifudifudi akavuta kisigino kuelekea makalio. Na kulikuwa na sheria moja ambayo Bibi Afisa aliirudia hadi kunguru wa uwanjani waliikariri: anza na mguu mzima, ndipo uende kwenye mbovu.

Baada ya mwaka mmoja nilikuwa bingwa. Nadhani magoti niliyoshika yangejaza barabara yote kutoka Kibondo hadi Kasulu, na njia ya kurudi. Nilikuwa na mbinu yangu pia. Wagonjwa waliiogopa ile meza, kwa hiyo niliwachangamsha kwanza kwa salamu ya Kiha: "Mwakeye! Wa ukoo gani? Umeolewa wapi?" Kwetu Uha mkiulizana hivyo, kabla maji hayajachemka mmeshapata undugu.

Ndivyo nilivyompokea Adela. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini na miwili, aliyeanguka na mzigo wa kuni akavunja kifuniko cha goti la kushoto. Plasta ilikuwa imetolewa, paja limekonda. Foleni siku hiyo ilikuwa imefika Burundi.

"Umeolewa ukoo gani?"

Akautaja. Nikapiga makofi. "Ala! Huo si wetu? Mumeo kwangu ni mtoto kabisa. Basi mimi ndiye baba mkwe wako!"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hata mke sina. Foleni nzima ilicheka. Adela hakucheka. Akavuta kanga ikafunika miguu na kuinamisha uso.

"Haya, nyoosha mguu, unisukume."

Mguu ukapanda nusu, ukatetemeka, ukarudi chini. Nikamlaza ubavu, akausogeza polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa aliyelala. Kwa sababu ya foleni nikauruka mguu wa kulia. Nikaandika: mbili.

Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa bwana mwenye maneno machache na miwani minene. Aliisoma ile mbili yangu akaandika chini yake: chuma. Maana yake ni chuma cha kufungwa kutoka nyonga hadi kiatu, goti likiwa limekazwa lisikunjike. Fundi wa vyuma angefika Alhamisi kumpima; mpaka hapo angelala wodini. Nilipomweleza, Adela alizungumza kwa mara ya kwanza tangu ataje ukoo, akiutazama ukuta.

"Sasa maharage nitapandaje? Mtu anapanda amesimama kama mlingoti?"

"Utazoea, mkwe wangu."

"Na mtoto nitamwinamiaje?"

Nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Jumatano asubuhi nilikuwa dirishani nakunja bandeji. Bomba la wodi ya wanawake lilikuwa pale mbele. Adela alichuchumaa, mtoto mgongoni, akakinga maji, akaipandisha ndoo kichwani, kisha akainuka. Hakushika ukuta wala goti. Aliinuka wima moja kwa moja kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo.

Bandeji zote zikanitoka mikononi. Paja lenye alama mbili haliinui hata kuku, sembuse mwanamke, mtoto na ndoo!

Nilikimbilia kwa Bibi Afisa. Njiani nilitamani sana kunyamaza, nisiwadanganye. Mbili ile ilikuwa na saini yangu, na Mganga Mkuu alikuwa ameanza kunisifu.

"Shikamoo Bibi. Nimekosea goti."

"Marahaba. Goti lako au la mtu?"

Nikamweleza. Hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu.

"Mguu mzima ulitoa ngapi?"

"Sikuupima, Bibi."

Alinitazama mpaka nikasikia saa ya ukutani ikinicheka. "Mwite."

Adela akakaa mezani. Niliambiwa nianze na mguu wa kulia, ambao haukuwahi kupata hata mkwaruzo. Nikashika. "Nyoosha, mkwe wangu." Ukapanda nusu, ukatetemeka, ukashuka. Mbili!

"Ajabu," Bibi Afisa akasema. "Miguu yote miwili, mbili mbili. Na hapa amefikaje, kwa kuruka? Binti, kuna maumivu?"

"Hapana, mama."

"Wewe kijana, umemwambia nini huyu?"

"Nilimchangamsha tu. Nilimwambia mimi ni baba mkwe wake."

Mhudumu mmoja, Muha mwenzangu, alikuwa anapiga deki. Akaachia tambara. "Wee! Umemwambia hivyo, halafu unataka akunyooshee mguu? Akusukume kwa unyayo, baba mkwe? Anataka kurudishwa kwao?"

Hapo ndipo jasho liliponitoka kiasi cha kumwagilia bustani. Mimi niliyezaliwa na kulelewa hukohuko, ambaye mama yangu hakuwahi hata kulitaja jina la babu yangu, baba mkwe wake, mbele za watu, nilikuwa nimesahau kwa ajili ya mzaha.

"Toka," Bibi Afisa akaniambia. "Kaa nyuma ya pazia. Andika nitakachotamka."

Yeye hakuwa na ukoo wala mkwe wilaya nzima. Nilisikia meza ikilia, halafu kiti kikikwaruza sakafu.

"Kulia, tano! Salaala, binti, taratibu, mimi pia nina mama yangu. Kushoto... kushoto, nne. Andika nne. Andika na jina la aliyekosea."

Nyuma ya pazia nikamsikia Adela akicheka, kwa mara ya kwanza. Alhamisi fundi alipofika, akaambiwa hana kazi. Mganga Mkuu alifuta neno lake kwa mstari mmoja, akanisogezea daftari.

"Wakwe unao wangapi humu?"

Nilipekua kurasa jioni nzima. Walikuwa wanne, mbali na Adela. Nilizunguka nikiwa na muuguzi mmoja wa kike, kwa baiskeli, kwenye vilima ambavyo naapa vilikuwa vinaongezeka urefu kila tukivikaribia. Watatu walikuwa wazima. Wa nne alikaa Mabamba, karibu na mpaka, na tayari alikuwa na miezi minane ndani ya chuma.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu, nikapanda cheo, nikafundisha wengine, nikastaafu nikiwa na viganja vigumu kama soli. Vijana wakija nyumbani huniuliza siri ya kipimo. Nawaambia kuhusu mguu mzima, kuhusu kuweka kiganja juu ya kifundo, kuhusu kukandamiza bila kushtua. Kisha nawasimulia ya Mabamba.

Muuguzi alimpimia ndani, mimi nikiwa uani. Akatoka akasema nne. Akamfungua mikanda, na yule mama akatoka akitembea, goti likikunjika kwa woga, mkono ukipapasa ukuta. Nikamuuliza, kwa nini siku zote hizi hakusema kwamba mguu una nguvu?

Aligeuza uso pembeni, kama inavyompasa mkwe.

"Mngeniuliza mimi, baba, ningesema," akajibu. "Ninyi mliuliza mguu."